Baba yako anaijua Dar kwa masikio

SWALI: Baba yangu ana miaka 64, ni mkulima wa kahawa kule Mbinga na mzee wa kigango. Hajawahi kufika Dar es Salaam hata siku moja. Oktoba hii, akishauza kahawa, anakuja kwangu Tabata kwa siku 5. Ziwa Nyasa analijua, bahari hajaiona. Ni Simba wa damu, lakini Simba yake yote ni ya redioni. Goti la kushoto linamsumbua kwenye ngazi. Kaka zangu wanasema nikodi gari nimzungushe Mlimani City, Daraja la Tanzanite na Masaki, tumalizie hoteli ya ufukweni. Mimi naona kama kuna kitu kinapungua, ila sijui ni nini. Wewe kazi yako ni kutembeza wageni. Ungeanzia wapi?

JIBU: Dada, kwanza nifikishie shikamoo kwa mzee. Halafu nikupe kisa kimoja, maana kosa wanalotaka kukuingiza kaka zako mimi nimeshalifanya.

Kabla sijaanza kulipwa kwa kazi hii nilimpokea mjomba wangu, mtu wa bara, safari yake ya kwanza Dar. Nikaazima gari lenye kiyoyozi, nikajiona nimeukata. Siku tatu nikamzungusha: hili ghorofa la nani, hapa wanakaa mabalozi, pale kikombe cha kahawa ni bei ya kuku. Vioo juu, foleni mbele na nyuma. Jioni ya siku ya tatu tumekwama makutano ya Morocco, hapahapa Dar, taa haziruhusu mtu, mjomba akakohoa kidogo, akauliza kwa adabu zake zote: "Sasa mpwa wangu, Kariakoo tutafika lini?" Tulikuwa tumeshapita kando ya Kariakoo mara mbili. Mimi sikumwambia, kwa sababu niliona Kariakoo si mahali pa kumtambia mgeni. Yeye naye kwenye kile kioo hakuona chochote kilichofanana na Kariakoo aliyokuja nayo kichwani.

Hicho ndicho unachohisi kinapungua. Baba yako si mgeni wa Dar kama mnavyodhani. Mtu wa rika lake amekua na Radio Tanzania Dar es Salaam: taarifa ya habari, salamu za wagonjwa, matangazo ya vifo, mpira, bendi za Jumamosi. Kwa miaka zaidi ya 40 amekuwa akisikia Kariakoo, Msimbazi, Jangwani, Magogoni, Mnazi Mmoja, Ilala. Ana ramani ya mji mzima, ila ramani yenyewe haina picha hata moja. Kwa hiyo usihangaike kumtafutia vitu vipya. Yape sura yale majina anayoyajua.

Usiku atakaofika, akishaoga na kula, muulize taratibu: "Baba, Dar ni wapi na wapi unapopasikia?" Kisha nyamaza, uandike. Atakutajia sehemu saba au nane, na ratiba yako itakuwa imekamilika. Utashangaa hakuna hata moja iliyo kwenye orodha ya kaka zako.

Kuhusu kufika kwenyewe: kutoka Mbinga hadi hapa ni zaidi ya kilometa 1,000, na mzee atashuka miguu imevimba. Mabasi yanaishia Mbezi, kwenye kituo kikubwa cha Magufuli kilichofunguliwa 2021, na mle ndani mtu mzima anapotea kama mtoto. Usimwambie "nipigie ukifika". Ingia ndani, umsubiri gari linaposimama. Mwonye mapema asimpe mtu begi, hata mtu huyo akisema, "Mzee wangu, binti yako kanituma nikupokee." Hapo chukua teksi au bajaji, kwa sababu atakuwa na gunia la maharage na pengine jogoo, na daladala haimtaki jogoo. Kesho yake asitoke kabisa. Akae barazani aongee na majirani zako. Tabata nayo ni Dar.

Panga siku hizo 5 ili Jumapili iwe ndani, na Jumapili hiyo umpeleke misa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale Sokoine Drive, linalotazama bandari. Utasema kanisa analo kwao. Ndiyo, ila mwambie hili kabla hamjaingia: waliojenga kanisa hilo, kati ya 1897 na 1902, ni Wabenediktini, watawa walewale waliotoka huku Pwani wakaenda kuanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, ndiye aliyeanzisha Peramiho kabla hajawa askofu wa Dar. Mkatoliki wa Mbinga akikaa kwenye yale mabenchi amekaa kwenye shina la mti ambao yeye ni tawi lake. Nilimpeleka pale mama mmoja wa Songea. Misa ilipokwisha hakutoka. Alizunguka akigusa kuta kwa kiganja, nguzo moja baada ya nyingine.

Mkitoka msipande gari. Tembeeni polepole na ile barabara ya bandarini, bahari ikiwa kulia kwenu, mpite Azania Front, kanisa la Walutheri lenye vigae vyekundu, mpaka Feri. Ni kama kilometa moja, barabara ni tambarare, goti halitalalamika. Hapo mnaingia pantoni, kivuko cha kwenda Kigamboni.

Pantoni ndiyo safari bora ya baharini Dar nzima, na nauli ya mtembea kwa miguu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200. Waacheni watu wengine wapande kwanza, ninyi mkae pembeni karibu na ukingo. Ataona kila kitu kwa mara moja: meli za makontena zinapita mlangoni mwa bandari ambao ni mwembamba kuliko anavyofikiri, ngalawa zinazikwepa, watu na baiskeli na kuku na magari yamebanana. Na nyuma yake, kwenye miti ile, ni Magogoni. Ile "Ikulu, Magogoni, Dar es Salaam" aliyoisikia maelfu ya mara ndiyo hiyo. Aiangalie kwa macho, simu ibaki mfukoni, maana upande ule picha hazitakiwi. Kigamboni mnywe madafu, mkae saa nzima mkitazama watu, mrudi.

Msirudi moja kwa moja nyumbani. Soko la samaki liko palepale Feri. Mnada mkubwa ni alfajiri, saa kumi na mbili hivi, na kama mzee ni mwamkaji (wakulima wote ni waamkaji) mlete siku nyingine kwa ajili ya mnada tu. Samaki wanamwagwa mezani, dalali anaimba bei, wanunuzi wanaitikia kwa nyusi na kidole. Atasimama kama anayehesabu, kwa sababu kuuza na kununua kwa macho anakujua. Mweleze yupi changu, yupi nguru, yupi jodari, yupi kibua. Yeye atakwambia habari za mbasa na mbelele wa Nyasa, na mtakuwa sawa. Saa tano nendeni upande wa wakaangaji, kwenye yale makarai makubwa ya moto wa kuni. Samaki wa moto, ndimu, pilipili, kipande cha gazeti. Ila mwache achague mwenyewe na alipe mwenyewe. Mzee akilipiwa kila kitu siku 5 mfululizo anageuka mtoto, na hatakwambia kwamba hapendi.

Sasa bahari. Watu wanampeleka mgeni baharini mara moja, wanapiga picha, wamemaliza. Kwa mtu wa Ziwa Nyasa hiyo haitoshi. Ataangalia, ataona maji mengi, mawimbi, upeo, na moyoni atasema hata kwetu yapo. Alichokosa ziwani ni kimoja: ziwa haliondoki. Bahari inaondoka. Kwa hiyo mpeleke ufukwe wa Koko mara mbili kwa siku moja. Angalia mwezi: mwezi mpevu au mwandamo ndio siku za bamvua, maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, na siku hizo hapa Dar maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Tofauti yake inazidi mita 3. Asubuhi mtembee juu ya mwamba, kwenye vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo waliosahaulika. Mwonyeshe jiwe moja, mlikalie. Jioni mrudi palepale, umwambie, "Baba, lile jiwe letu liko wapi?"

Nimefanya hivyo na wazee wengi na sijachoka kuwatazama. Mmoja alivua viatu akasimama maji yakimfikia kwenye vifundo, akawa anarudi nyuma hatua moja kila yanapomfuata, bila kusema neno, karibu nusu saa. Mwisho akaniuliza nani anayafungulia.

Katikati mle mihogo. Mihogo ya Koko ya kukaanga na kachumbari, pilipili ya kuchovya, mishikaki miwili pembeni. Mwambie aonje na maji ya bahari, kwa kidole tu. Kila mtu wa bara anaonja hata kama hamkumwambia, ila bora afanye mbele yako kuliko kujificha.

Kariakoo mpeleke katikati ya wiki, saa tatu asubuhi, jua halijawaka sana, maana Oktoba joto la Dar linaanza kupanda na mvua za vuli zinachungulia. Mpitishe kwanza Posta kwenye Sanamu ya Askari, ile ambayo wazee wa mjini wanaiita Bismini. Iliwekwa 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, na ndiko jina hilo lilikotoka. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia, na yanawataja wapagazi kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Asome mwenyewe. Ndipo umwambie kwamba Waingereza walipouchukua mji 1916, wapagazi hao, Carrier Corps kwa lugha yao, walipigishwa kambi kwenye uwanja nje ya mji, na midomo ya Waswahili ikaifanya Carrier Corps kuwa Kariakoo. Tangu hapo kila atakapobeba begi kwenye ile mitaa atacheka peke yake.

Sokoni mwonyeshe paa. Watu wanapita chini yake miaka nenda rudi bila kuinua macho. Ile miavuli ya zege ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na soko lilifunguliwa 1975. Julai 2021 liliungua, likajengwa upya. Kisha mtaa wa Kongo. Hapo kanuni ni mbili tu. Hela kwenye mfuko wa mbele, simu haitoki mpaka mmeingia dukani. Na usimshike mkono kama unamvusha kipofu. Tangulia hatua moja, yeye afuate mgongo wako. Mwache abembeleze bei ya kitenge cha mama. Atapigwa kidogo, atalipa elfu mbili zaidi. Hiyo elfu mbili ni kiingilio, ataisimulia Mbinga miaka kumi.

Akianza kuchoka mtafutie kijiwe cha kahawa. Kipo kila kona, benchi la ubao, wazee wawili wanacheza bao, mmoja anasoma gazeti kwa sauti. Muuza kahawa utamsikia kabla hujamwona, anavyogonganisha vikombe kwa vidole. Birika juu ya makaa, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, kashata ya karanga. Wakulima wa kahawa niliowatembeza, karibu wote, nyumbani kwao wanakunywa chai. Wanailima kahawa, wanaipulizia dawa, wanaiuza. Mzee mmoja alikunywa kikombe cha kwanza akakunja uso, akaomba cha pili, akamuuliza muuzaji kilo moja ananunua bei gani. Alipojibiwa alikaa kimya, akapiga hesabu ya vikombe kwenye vumbi kwa kijiti. Mazungumzo ya baraza zima yalihamia kwenye bei ya kahawa, na mimi mwenyeji nikawa sina la kuchangia. Sasa wewe mwache hapo na wenzake, ukae benchi la pembeni.

Simba. Kutoka kijiweni ni miguu tu mpaka mtaa wa Msimbazi yaliko makao ya klabu. Hakuna cha ajabu pale, ni jengo la mjini kama mengine, lakini mtu aliyesikia "Wekundu wa Msimbazi" tangu klabu ilipoacha kuitwa Sunderland mwaka 1971 atataka kupiga picha mlangoni. Mkiwa na nguvu sogeeni mpaka Jangwani, mitaa ya Twiga na Jangwani, kwa watani wao Yanga. Aone mwenyewe kwamba hao maadui wawili wa nchi nzima wanakaa jirani kiasi kwamba wangeweza kuazimana chumvi.

Kama ligi ina mechi ya Simba wiki hiyo katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, mpeleke. Uwanja unachukua watu 60,000, ulifunguliwa 2007, na tiketi siku hizi zinanunuliwa kwa N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki, kwa hiyo tafuta kadi mapema. Chukua viti vya safu za chini kwa ajili ya goti. Nakuonya jambo moja: mtu aliyezoea mpira wa redio atalalamika kwamba uwanjani mpira ni mdogo na hakuna anayemwambia nani ana mpira. Mpe redio ndogo au simu yenye redio, atazame huku anasikiliza. Ukitaka kumwona akiwa kijana tena, muulize ile usiku ya 2003 Simba walipomtoa Zamalek Cairo kwa penalti alikuwa amekaa wapi na redio ilikuwa na betri za aina gani. Ila kama ratiba imeangukia siku ya Simba na Yanga, uwanjani usimpeleke. Msongamano wa getini si wa mtu mwenye goti. Mtafutie kibanda umiza cha Tabata, banda la kutazamia mpira kwenye TV, akae katikati ya wabishi. Ubishi ni nusu ya mechi.

Jumamosi usiku ulizia Msondo Ngoma au Sikinde wanapiga wapi wiki hiyo. Msondo ndio NUTA Jazz ya 1964, iliyobadili majina kila ilipobadilishiwa mwajiri. Sikinde ni Mlimani Park ya 1978. Nyimbo zao zilirekodiwa Radio Tanzania na yeye anazijua mpaka mahali trumpeti inapoingia. Kaeni mbali na spika, muagize anachokunywa, usimwonee haya akiinuka kucheza. Siku mnayopita Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, mwonyeshe kwa nje na jengo la redio. Dakika moja inatosha.

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, nendeni kama mvua imewakuta Posta. Yapo magari aliyotumia Mwalimu, na hayo atayapenda kuliko mafuvu ya Olduvai. Kijiji cha Makumbusho siwashauri. Kumpeleka mkulima kutazama nyumba ya udongo kwa tiketi ni kumkosea. Mlimani City nusu saa, apigwe na kiyoyozi, mtoke. Tanzanite mtaipita tu mkienda Koko, kwa hiyo kaka zako nao watakuwa wamepata haki yao.

Usafiri ni daladala na mabasi ya mwendokasi, gari la kukodi liwe la usiku tu. Mwendokasi, ulioanza 2016, mpandishe saa nne asubuhi, si saa moja. Kimara saa moja asubuhi hata mimi naogopa. Daladala akae siti ya mbele na dereva, asikie konda anavyoita vituo, kwa sababu humo ndimo majina yake yote ya redioni yatapigwa kelele kwa mpangilio: Buguruni, Ilala, Kariakoo. Kama asubuhi magari yanajaa, fanyeni kama wenyeji, mgeuze nalo: mpande linalokwenda mwisho, mlipe nauli mara mbili, mrudi mmekaa. Mfundishe kusema "shusha" kwa sauti kabla ya kituo, na siku ya nne mwache aseme yeye. Akiingia ndani akasalimia gari zima kama anavyosalimia kigangoni, usimkanye. Wataitikia. Vijana wa Dar wanaonekana wakali, lakini mvi zikipanda gari utasikia shikamoo kutoka siti ya nyuma kabisa, na konda atapiga kelele, "Mpishe mzee hapo!"

Tumbo lake lilinde siku mbili za kwanza. Wali wa nazi ni mzito kwa asiyeuzoea, na juisi za barabarani zisubiri. Maji ya chupa.

Tiketi ya kurudi kata siku mbili kabla, maana mabasi ya kusini yanaondoka alfajiri na mtatoka Tabata giza. Jioni ya mwisho atakwambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba kuna mtu nyumbani amemwagiza maji ya bahari. Wote wanaagizwa. Mwandalie chupa ya lita moja na nusu iliyooshwa vizuri, mwende naye Koko maji yakiwa yamejaa, aingie achote mwenyewe. Kifuniko ukikaze wewe, halafu chupa uifunge kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka wima mbali na kile kitenge cha mama.